Babu wa Kiingereza aliyepotelea shambani: dalili, sababu na pa kuchimba

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, hata chai hakuimaliza kabla ya kuwauliza wakwe zangu swali ambalo kila mzee wa pwani huliuliza: nyinyi ni watu wa wapi hasa, na wa mlango gani? Tulikuwa Norfolk, mashariki ya Uingereza. Nikatafsiri. Mama mkwe akamtaja babu yake, akataja kijiji kimoja, kisha akanyamaza. Baba mkwe naye hakuwa na la kuongeza. Watoto wangu, kwa upande wangu, wanahesabiwa mababu saba kwa mdomo. Kwa upande wa baba yao, nasaba ilikatikia kwa kibarua mmoja wa shamba ambaye hakuna aliyejua alikozaliwa. Niliona uchungu kwa niaba yao, nikaanza kutafuta.

Huu ni mwaka wa tisa. Siku hizi wananiletea maswali Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku, pamoja na watu wa Kenya na Tanzania wenye babu Mwingereza aliyekuja na misheni, reli au kilimo. Karibu wote wamekwama mahali palepale nilipokwama mimi, kwa hiyo naandika kwa mtindo wa fundi: unasema unachokiona, tunatafuta kinachokisababisha.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Kibarua wa shamba wa Kiingereza hakuandikwa kwa sababu mtu alimjali. Aliandikwa pale pesa ilipotakiwa kutoka: yeye alipe ada, au mwingine alipe kwa ajili yake. Kila unapokwama, jiulize mwaka ule nani alikuwa analipa, kisha ufuate karatasi za huyo mlipaji. Swali hili limenitoa gizani mara nyingi kuliko tovuti yoyote.

Na ramani fupi ya nyaraka zenyewe. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Sensa yenye majina ya watu wote ilianza 1841, ikafuata kila miaka kumi, na unaweza kuisoma hadi ile ya 1921. Ile ya 1931 iliungua yote mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Badala yake kuna daftari la watu la tarehe 29 Septemba 1939. Nyuma ya 1837 unategemea madaftari ya kanisa, yaliyoamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538: ubatizo, ndoa, maziko.

"Alizaliwa baada ya 1837, lakini faharasa ya serikali haimjui"

Mara nyingi yumo, ila umemtafuta chini ya tarehe isiyo yake. Faharasa imepangwa kwa robo za mwaka, na robo hufuata siku ya kuandikishwa, si siku ya kuzaliwa. Mzazi alipewa siku 42. Mtoto wa katikati ya Machi anaweza kukaa kwenye robo inayoishia Juni, na wa Desemba akaangukia mwaka unaofuata. Tafuta robo mbili mbele kabla hujakata tamaa.

Sababu ya pili ni wilaya. Jina utakaloliona kwenye faharasa ni la wilaya ya uandikishaji, yenye vijiji vingi, na wilaya nyingine zilivuka mpaka wa kaunti. Usimkatae mtu kwa sababu tu jina la kijiji halimo.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuandikishwa kabisa. Adhabu ya kutoandikisha mtoto ilianza kubana kweli mwaka 1875. Kabla ya hapo mama aliyekuwa shambani anavuna, maili nyingi kutoka kwa mwandikishaji, angeweza kuacha jambo likapita. Huyo mtafute kwenye daftari la ubatizo, maana madaftari ya kanisa hayakukoma 1837.

Ofisi Kuu ya Uandikishaji ina faharasa yake yenyewe kwenye intaneti, inayoonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837. Faharasa za zamani zilizonakiliwa kwingine hazina jina hilo hadi robo ya tatu ya 1911. Tofauti ni kubwa sana. Ukijua jina la mama, unaweza kuwaona watoto wote wa nyumba moja wakijipanga mmoja baada ya mwingine, hata waliokufa wachanga ambao hakuna aliyewakumbuka.

"Kijiji alichotaja kwenye sensa hakipo duniani"

Kipo. Umekisoma kwa macho, na karani alikiandika kwa masikio.

Norfolk inafundisha hili vizuri. Wymondham hutamkwa "Windam". Happisburgh ni "Hezbra". Costessey ni "Kosi". Karani wa sensa alifika mlangoni na kalamu, akasikia sauti, na kama hakuwa mwenyeji wa upande ule aliandika alichosikia. Mwenye nyumba hakuweza kumsahihisha, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Basi litamke jina ulilolisoma kwa sauti, mara tatu nne, kisha fungua ramani na utafute kinachofanana nalo kwa sikio. Fanya hivyo hivyo kwa jina la ukoo: herufi ya H mwanzoni hupotea mdomoni, kwa hiyo Harris akaandikwa Arris, na kuna watu walioongezewa H ambayo hawakuzaliwa nayo.

Pia angalia kama jina la kijiji ni nusu tu. Anayesema kazaliwa Burnham hajakuambia kitu bado, kwa maana kuna Burnham Market, Burnham Thorpe, Burnham Overy na nyingine jirani, kila moja na kanisa na daftari lake.

Kijiji kikibadilika toka sensa moja hadi nyingine, usichague unachokipenda. Viweke vyote mezani. Sensa ninayoiamini zaidi ni ile aliyohesabiwa akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi, kwa sababu jibu alilitoa aliyekuwapo siku ya kuzaliwa. Mtu mzima aliyehama akiwa na miaka miwili hutaja kijiji anachokikumbuka. Angalizo: sensa ya 1841 haikutaja kijiji cha kuzaliwa wala uhusiano wa watu ndani ya nyumba. Iliuliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ileile, au kama alizaliwa Scotland, Ireland au nchi ya kigeni.

"Umri wake unapanda na kushuka"

Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi tano iliyo chini yake. Mwenye 34 aliandikwa 30, mwenye 39 akaandikwa 35. Sensa zilizofuata ziliuliza umri kamili, lakini watu wenyewe hawakuwa na uhakika. Ruhusu tofauti ya miaka mitano kila upande, uendelee na kazi.

"Ndoa nimeiona, ubatizo hauonekani"

Hapa ndipo watu hukaa miaka, kwa hiyo nami nitakaa.

Anza na maneno "wa parokia hii" kwenye daftari la ndoa. Msomaji huyachukua kuwa ni asili ya mtu, naye mwandishi alimaanisha makazi yake wakati ule tu, hata kama ni ya majuma machache. Bwana harusi wa Norfolk aliyeandikwa hivyo huenda alikuwa amefika kufanya kazi kwenye msimu mmoja. Ndoa kwa kawaida ilifungwa kijijini kwa bibi harusi. Tafuta daftari la matangazo ya ndoa: matangazo yalisomwa Jumapili tatu, na kama wawili walikaa parokia mbili, yalisomwa kote kuwili. Hapo utapata jina la parokia yake. Waliotaka kuepuka matangazo walilipia leseni, na mwombaji aliapa mbele ya mwakilishi wa askofu akitaja umri na makazi. Vibarua wachache waliimudu, lakini usiache kuangalia.

Kisha chora duara. Chukua kijiji cha ndoa, tia kidole, uzungushe maili kumi. Hilo ndilo eneo la kwanza la kutafuta, kwa kuwa kibarua alihama mara nyingi ila si mbali. Norfolk ina makanisa ya kale zaidi ya 650, kwa hiyo duara hilo linaweza kubeba parokia kadhaa. Fanya moja moja, uandike ulizomaliza na miaka uliyoisoma. Kutoandika hilo kulinifanya nisome daftari moja mara tatu.

Usipomwona ndani ya duara, pima sababu hizi.

Huenda alibatizwa mkubwa. Kuna makasisi wavivu na makasisi wenye bidii, na mara kasisi mpya anapofika, utaona ndugu wanne au watano wamebatizwa siku moja, wengine wana ndevu. Kutoka Oktoba 1783 hadi 1794 kulikuwa na ushuru wa peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa kwenye daftari la kanisa. Maskini walisamehewa, na kwenye madaftari mengine utaona herufi P (pauper, yaani maskini) kando ya jina. Familia ambayo haikuwa maskini vya kutosha kusamehewa wala tajiri vya kutosha kulipa bila kuona, ilingoja. Ukimkosa wa 1788, mtafute 1795.

Huenda wazazi hawakuwa wa kanisa la serikali. Wamethodisti wa Asili (Primitive Methodists) walipata wafuasi wengi sana kati ya vibarua wa Norfolk katika karne ya 19, na ubatizo wao uliandikwa kwenye daftari la mzunguko wa vijiji vingi, lililokaa mjini. Madaftari ya zamani ya madhehebu yaliyojitenga yalikusanywa na serikali kuanzia 1837, na yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London. Usidanganyike na ndoa: tangu tarehe 25 Machi 1754 hadi 1837 kila mtu, isipokuwa Wakweka (Quakers) na Wayahudi, alilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana ili ihesabiwe kisheria. Ndoa ya kanisani haikuambii alisali wapi.

Huenda daftari limeoza, limeliwa na panya, au halikuandikwa kabisa. Pengo la miaka ya 1642 hadi 1660 ni la vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell mwingine, Oliver, na kwa parokia nyingi halizibiki. Mapengo mengine yanaweza kuzibika: kuanzia 1598 kila parokia iliagizwa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu. Nakala hizo ni daftari la pili, na nimekuta ndani yake majina ambayo daftari la kanisani limeruka.

Huenda umemwona bila kumtambua. Kwenye madaftari ya Kilatini, Jacobus ni James. Kwetu hili halina ugeni: Yakobo mwana wa Isaka na Yakobo mwandishi wa waraka ni jina moja kwenye Biblia ya Kiswahili. Mwingereza amelitenga kuwa mawili, Jacob na James, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hupotea pale ambapo Mswahili anapita. Polly ni Mary, Sally ni Sarah, Nancy huwa Ann, Harry ni Henry.

Na huenda kalenda imekuchezea. Hadi 1751 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Novemba 1720 na kuzikwa Februari 1720 hakuzikwa kabla ya kuzaliwa: Februari ile kwetu ni ya 1721. Andika miaka yote miwili, 1720/21, ili usijichanganye baadaye.

"Amejitokeza kijijini ghafla, hana ndugu wala historia"

Nilipofika hapa na babu wa mume wangu, nilidhani mwisho umefika. Ndipo nilipojifunza sheria ya makazi, na tangu hapo naipenda sheria ile mbaya kwa sababu ya karatasi ilizoacha.

Mwaka 1662 Bunge liliweka kwamba kila mtu ana parokia moja inayowajibika kumtunza akianguka kwenye umaskini. Pesa ilitoka kwa kodi ya maskini, iliyolipwa na wenye nyumba na mashamba wa parokia ileile. Sasa fikiria kikao cha walipaji hao, kila mmoja anamjua mwenzake, na mgeni mwenye mke mjamzito amepanga kibanda mwisho wa njia. Swali lao ni moja: huyu ni wa nani? Walimpeleka mbele ya mahakimu wawili, akaapa, akasimulia maisha yake. Karani akaandika.

Mtu alipata makazi kwa njia zinazojulikana. Mwana wa ndoa alifuata ya baba yake. Mke alifuata ya mume. Mwanagenzi aliyapata alikofundishwa kazi. Aliyepanga mali ya pauni 10 kwa mwaka aliyapata hapo. Na mtumishi wa shamba asiyeoa, akiajiriwa mwaka mzima na kuutimiza, aliyapata kwa tajiri wake. Ndiyo maana mahojiano hayo yanasimulia minada ya ajira, kwa kusini na mashariki mara nyingi siku ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba: aliajiriwa na nani, kijiji gani, mshahara gani, na kama mwaka ulitimia. Kuna wakulima walioajiri kwa majuma 51 kwa makusudi, ili juma moja lililopungua limnyime kijana haki ya kutunzwa hapo. Nilipousoma mkataba wa namna hiyo kwa mara ya kwanza nilifunga faili, nikatoka nje kupumua.

Babu yetu yumo. Karatasi moja, kurasa mbili, miaka ya 1820. Anasema kwamba, kama alivyosikia kwa wazazi, alizaliwa kijiji kingine maili nane kutoka pale. Kwamba akiwa na miaka kama kumi na sita aliajiriwa mwaka mzima, akalala na kula nyumbani kwa mkulima, akautimiza. Kwamba tangu hapo hajafanya lolote la kumpa makazi kwingine. Kwamba ana mke na watoto watatu, kila mmoja kwa jina na umri wake. Chini ameweka alama ya msalaba. Miaka minne nilikuwa nimesoma madaftari ya ubatizo yasiyo yake, na jibu lilikuwa kwenye sanduku la hesabu za maskini.

Pa kutafuta: karatasi za wasimamizi wa maskini, ambazo zamani zilikaa kwenye sanduku la kanisa na sasa ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Kwa Norfolk hifadhi hiyo iko Norwich. Utazikuta kama vyeti vya makazi, mahojiano ya kiapo na amri za kuhamishwa. Tafuta katika parokia alikokamatwa na katika parokia alikorudishwa pia, kwa kuwa nakala ilitumwa. Parokia mbili zikigombana, kesi ilikwenda mahakama ya robo mwaka ya kaunti. Parokia zilizogombana zaidi ndizo zilizoandika zaidi. Hesabu zenyewe za wasimamizi nazo usizipuuze: jozi ya viatu kwa mjane, mkaa wa majira ya baridi, jeneza. Jina la mtu linaweza kukosekana kwenye sensa, likakutwa kwenye bei ya viatu.

Baada ya 1834 parokia ziliunganishwa, na maskini wakapelekwa nyumba kubwa ya maskini. Ile ya Gressenhall, Norfolk, ilijengwa mapema zaidi, 1777, na leo ni makumbusho. Madaftari ya kuingia na kutoka yamesalia kwa baadhi ya miungano tu, lakini uliza.

Jambo hili pia linaeleza kwa nini mtu analala kijiji kimoja na kufanya kazi kingine. Mwenye ardhi aliyemiliki kijiji chote alibomoa vibanda au alikataa kujenga, ili vibarua wasije wakawa mzigo wake. Wakarundikana vijiji vya wazi kama Castle Acre na kutembea maili kwenda shambani. Hali hiyo ilianza kulegea mwaka 1865, sheria ilipohamisha gharama kutoka parokia moja hadi muungano mzima. Ukimkosa mtu alikofanya kazi, tafuta kijiji cha wazi kilicho jirani.

"Nimewapata watatu wenye jina lake, umri mmoja"

Kosa langu kubwa ni la hapa. Nilimpata mtoto wa jina letu, kijiji kinachofaa, mwaka unaofaa. Miti ya ukoo kadhaa kwenye intaneti ilimtaja huyohuyo, nami nikaona wengi hawawezi kukosea. Miezi minane nilipanda na ukoo wake hadi karne ya 17, nikawaandikia watoto majina. Kisha, nikitafuta jambo lingine kabisa, nikakuta amezikwa akiwa na miaka mitatu. Miti ile yote ilikuwa imenakiliwa kutoka mti mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kumpokea yeyote kwenye ukoo, mtafute kwanza kaburini. Soma maziko ya miaka kumi baada ya ubatizo, katika parokia ile na za jirani. Na jua kwamba mtoto akifa, wazazi wengi walimpa jina lilelile anayefuata, kwa hiyo ubatizo wa pili wa jina moja katika nyumba moja ni kama taarifa ya msiba.

Wakibaki wawili au watatu hai, usimchunguze mmoja. Wajenge wote: mke, watoto, kazi, maziko, kila mmoja kwenye karatasi yake, hadi asiye wako aondoke kwa ushahidi. Kuanzia 1754 wanandoa na mashahidi wao walitia sahihi au alama kwenye daftari. Linganisha sahihi: aliyeandika jina lake vizuri 1790 hatarajiwi kuweka msalaba 1802. Mashahidi ni hazina, mara nyingi ni kaka, dada, au mume wa dada. Kuanzia 1813 daftari la ubatizo lina fomu iliyochapishwa yenye makazi na kazi ya baba, kwa hiyo mfua chuma hutenganishwa na mchunga kondoo.

Na rudi kwenye swali la mlipaji. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo parokia nyingi zilichorewa ramani, kila kipande na nambari, mwenye mali na mkaaji wake. Wakaaji wawili wa jina moja hukaa nambari mbili. Weka ramani ile kando ya sensa ya 1841, ufuate njia ya karani nyumba kwa nyumba.

Usichukue unukuzi wa mtu kama neno la mwisho. Fungua picha ya ukurasa wenyewe kila ilipo; tovuti ya FamilySearch inazo nyingi bila malipo, na wanaojitolea wa tovuti ya FreeREG wamenakili madaftari mengi yanayokuonyesha ukurasa upi utafute.

"Nafasi ya baba ni tupu"

Cheti cha ndoa tangu 1837 kina nafasi ya baba wa kila mmoja. Ikiwa tupu, mara nyingi mtu alizaliwa nje ya ndoa. Ikiwa imejazwa, bado huenda jina ni la babu au baba wa kambo aliyewekwa kuficha aibu. Kuanzia 1875 baba asiyemwoa mama hakuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila yeye mwenyewe kufika kutia sahihi.

Kabla ya 1834 parokia ilimbana mama amtaje baba, kwa sababu asipotajwa mlipaji ni parokia. Dhamana na mahojiano ya namna hiyo yako kwenye sanduku lilelile la maskini. Wakati huo mtoto wa nje alipata makazi pale alipozaliwa, kwa hiyo wanawake wajawazito walisukumwa kuvuka mpaka kabla ya uchungu. Ukikosa ubatizo wa mtoto kama huyu, mtafute parokia ya pili, ukijua mama yake alifikaje huko. Kuanzia 1844 mama mwenyewe aliweza kumshtaki baba kwa mahakimu wa karibu, na magazeti ya kaunti yaliripoti. Angalia pia jina la kati: mtoto mwenye jina la kati linalofanana na jina la ukoo la mtu mwingine wa kijijini mara nyingi ameachiwa dokezo na mama yake.

"Uhusiano kwenye sensa hauna maana"

Kiswahili kinatenga mkwe na mtoto wa kambo. Kiingereza cha karne ya 19 kilivichanganya: neno ambalo leo ni mkwe (son-in-law au daughter-in-law) liliandikwa kwa mtoto wa mke kutoka ndoa ya kwanza. Kijana wa miaka saba aliyeitwa hivyo ni mtoto wa kambo, na sasa unajua mama yake aliwahi kuolewa kabla. Neno la binamu nalo lilibeba ndugu wa kila aina. Na kulea kwa sheria hakukuwapo Uingereza hadi 1927, kwa hiyo mtoto aliyelelewa kabla ya hapo huenda hana karatasi yoyote.

"Babu yetu alikuja Afrika Mashariki, tunajua jina tu"

Usianze na Uingereza nzima. Anza na karatasi za huku: cheti cha ndoa au kifo, daftari la misheni, hati ya ardhi, na Gazeti la Serikali la Kenya, linalochapisha matangazo ya mirathi. Halafu orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, zilizoko Kew; nyingi za miaka ya baadaye zina anwani ya mwisho ya msafiri. Anwani hiyo ndiyo kijiji chako cha kuanzia. Kama aliacha mali Uingereza, kalenda ya taifa ya mirathi iliyoanza 1858 itamtaja hata kama alifia Nakuru au Arusha. Kama hakuwahi kumwoa bibi yenu na hakuna karatasi inayowaunganisha, kipimo cha vinasaba kinaweza kufanya ambacho hifadhi haiwezi, hasa akipimwa mzee aliye karibu naye zaidi kizazi. Mpimeni angali hai, kwa ridhaa yake.

Nilipokwisha kuisoma ile karatasi ya mahojiano, nilimpigia mama Tanga. Nikamtajia kijiji, tajiri aliyemwajiri, mke, watoto watatu na umri wao. Akasikiliza hadi mwisho. "Na mama yake ni nani?" akauliza. Karatasi haikumtaja, na vyeti vya ndoa vya nchi hii havikuwa na nafasi ya mama hadi Mei 2021. Nimeomba sanduku la kijiji kile cha pili, hesabu za wasimamizi wa maskini. Jumanne nina kiti kwenye chumba cha kusomea, Norwich.